Namna ya Kuilinda Pikapu ya Dizeli Isiibwe

Watu wengi wakinunua pikapu huanza kufikiria ulinzi wake kwa kutafuta kufuli la usukani au king'ora, ilhali hatua ya kwanza inapaswa kuwa kufungua boneti na kuitambua injini iliyomo. Gari la petroli linaweza kulazwa kwa kukata umeme wa plagi, na hapo mwizi hukwama. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia mafuta, kwa kuwa hewa inayogandamizwa ndani ya silinda hupata joto la kutosha kuyalipua mafuta yenyewe. Kwa sababu hiyo, mbinu inayomlinda mwenye gari dogo la petroli inaweza isikusaidie chochote, na wakati mwingine inaweza kukuharibia pampu ya bei kubwa. Swali la kujiuliza kabla hujatoa fedha ni hili: mwizi anahitaji nini ili injini hii iwake, na ni kipi kati ya hivyo unachoweza kumnyima bila kuidhuru pikapu wala kujihatarisha mwenyewe?

Itambue pampu kabla ya kununua chochote

Kwa ajili ya ulinzi, pikapu za dizeli zinagawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile zenye pampu ya kimakenika, inayozungushwa na injini na kusukuma dizeli hadi kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, kupitia mabomba membamba ya chuma, bomba moja kwa kila silinda. Kundi la pili ni zile za komoni reli, ambazo pampu yake hujaza reli moja ya chuma kwa msukumo unaoweza kufika baa 1,600 na kuzidi, kisha kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kuzitofautisha hakuhitaji ufundi mkubwa: ukikuta kila nozeli ina soketi yake ya umeme, na mabomba yote yanatoka kwenye reli moja iliyolala juu ya injini, hiyo ni komoni reli, ukikuta mabomba yanatoka moja kwa moja kwenye pampu na nozeli hazina waya wowote, karibu kila mara unatazama injini ya kundi la kwanza.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata. Pampu nyingi za kimakenika zina soleneidi ya kuzimia, yaani kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba, chenye waya mmoja. Umeme ukifika, soleneidi hufungua njia ya mafuta. Ukikatika, springi huifunga na injini huzima. Pikapu za zamani zaidi hazina hata hicho, bali huzimwa kwa kebo ya kuvuta kwa mkono, na injini ya namna hiyo ikishawaka haihitaji tena umeme wowote ili iendelee kunguruma.

Nilisadiki udhaifu wa soleneidi siku niliyomwona fundi akiijaribu pikapu yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeifungia swichi ya siri chini ya kiti na kujiona mjanja. Hakuitafuta swichi hiyo hata kidogo. Alifungua boneti, akagusisha kipande cha waya pale juu ya pampu, nikasikia mlio mdogo wa "tak", kisha akaipa stata umeme na injini ikawaka. Swichi yangu ilikuwa bado imezimwa. Kilichokosekana hakikuwa swichi bora zaidi, bali kizuizi cha kumfanya mtu asiifikie soleneidi.

Kwa pampu za kimakenika

Kutokana na hilo, ulinzi wa maana kwa kundi la kwanza una sehemu tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni kufuli la boneti lililo imara kuliko lile la kebo lililokuja na gari, kwa sababu kebo ya kiwandani mara nyingi huweza kuvutwa kutoka nje na mtu aliyezoea. Ya pili ni kofia ya chuma inayofunika soleneidi pamoja na waya wake, iliyofungwa kwa bolti ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa, hivyo haziwezi kufunguliwa kwa spana ya kawaida. Ya tatu ndiyo swichi ya siri inayokata umeme wa soleneidi, ambayo sasa ina thamani, kwa kuwa njia ya mkato imezibwa. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kofia hiyo kwa kupima pampu yako, mradi aiache nafasi ya kufikia skrubu za kutolea upepo na asichomelee chochote kwenye pampu yenyewe.

Wapo wanaopenda zaidi koki ya mafuta iliyofichwa kwenye bomba linalotoka tenkini. Faida yake ni kwamba mwizi atawasha gari, ataondoka, kisha dizeli iliyobaki kwenye chujio na pampu itaisha na gari litazima barabarani, likiwa limevuta upepo kiasi kwamba halitawaka tena hadi mtu atumie pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Mimi siipendi sana njia hii, kwa kuwa gari hukukuta limeshaondoka mlangoni, na kwa kuwa mwenye gari akisahau kufungua koki asubuhi, yeye ndiye atakayekwama katikati ya makutano ya barabara. Hata hivyo, kwa pampu imara ya zamani madhara yake si makubwa.

Kwa komoni reli

Usithubutu kuweka koki hiyo kwenye injini ya komoni reli. Pampu ya msukumo mkubwa hulainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma, na ikizunguka bila mafuta vyuma vyake husagana, vipande vyake vidogo huingia kwenye reli na nozeli, na gharama ya matengenezo inaweza kukufanya utamani gari lingeibwa. Hapa mahali pa kukata ni kwenye umeme: waya mwembamba unaoamuru stata, rilei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kompyuta ya injini, au rilei ya pampu ya tenkini kwa magari yaliyo nayo, ilimradi ukataji ufanyike injini ikiwa imezima, ili izuiwe kuwaka tangu mwanzo badala ya kunyimwa mafuta ikiwa mwendoni.

Pikapu nyingi za kundi hili zina ufunguo wenye chipu, ambao kompyuta huutambua kabla ya kuruhusu mafuta. Ulinzi huo ulilazimishwa kwa magari madogo mapya katika Umoja wa Ulaya mwaka 1998, Australia mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007, lakini pikapu za kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine ziliendelea kuuzwa bila chipu, hata zile za miaka ya karibuni. Usidhani unayo, chongesha ufunguo wa kawaida usio na chipu, kisha ujaribu kuwasha. Gari likiwaka na kuendelea kunguruma, chipu haipo au imekwisha kuondolewa na mtu aliyekutangulia.

Hata chipu ikiwapo, wezi wa kisasa hawahangaiki nayo kwa nguvu. Huchomeka kifaa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, ile yenye pini 16 anayoitumia fundi kusoma makosa ya injini, na kuiandikia kompyuta ufunguo mpya. Kisanduku cha chuma chenye kufuli kinachofunika soketi hiyo ni cha bei nafuu ukilinganisha na kazi kinayofanya, na kuihamishia soketi yenyewe mahali pengine, huku ile ya zamani ikiachwa mahali pake bila nyaya, humpotezea mwizi dakika ambazo hakuzipangia. Kwa magari yanayofunguka bila kuchomeka ufunguo, hatari nyingine ni watu wawili wenye vifaa vya kurefusha mawimbi, mmoja akisimama karibu na nyumba ulimo ufunguo na mwingine karibu na gari. Mfuko unaozuia mawimbi hutosha kuwashinda, lakini hulegea kwa kukunjwakunjwa kila siku. Ujaribu kila baada ya wiki chache: tia ufunguo ndani, simama kando ya mlango, vuta komeo. Mlango ukifunguka, mfuko umekwisha kazi.

Yale ambayo swichi ya siri haipaswi kufanya

Swichi ya kukata betri nzima hupendwa kwa sababu inaonekana kukata kila kitu. Kwa hakika inazuia stata, lakini inanyamazisha pia king'ora na kukiacha kifaa cha kufuatilia gari kikitegemea betri yake ndogo. Pikapu ya kimakenika isiyo na soleneidi inaweza kusukumwa kwenye mteremko na kuwaka bila betri kabisa, jambo ambalo kila dereva wa zamani amewahi kulifanya. Ukiamua kuiweka, chagua iliyotengenezwa kubeba mamia ya ampea, kwa kuwa stata ya dizeli hula umeme mwingi kuliko ya petroli, na usiizime swichi hiyo wakati injini inazunguka, maana altaneta, yaani mashine ya kuchaji betri, iliyokatwa ghafla kutoka kwenye betri hutoa mrusho wa umeme unaoweza kuiunguza yenyewe pamoja na kompyuta.

Jambo la pili ni la uhai. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa sifa kwamba unaweza kulizima gari kwa simu likiwa barabarani. Injini nyingi za dizeli hupata vakyumu (mvuto wa hewa) ya busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedali, kutoka kwenye pampu ndogo inayoendeshwa na injini, na msaada wa usukani katika pikapu nyingi pia hutegemea injini inayozunguka. Injini ikizima ghafla mwendoni, pedali ya breki hubaki na nguvu ya mikanyago michache tu, kisha huwa ngumu kama jiwe, na usukani huwa mzito. Anayeumia huenda asiwe mwizi bali mtembea kwa miguu. Kifaa kinachokubalika ni kile kinachosubiri injini izimwe kwa kawaida, halafu kinakataa iwashwe tena.

Kuhusu ufungaji wenyewe, mtake fundi wa nyaya atumie waya wa rangi ile ile ya waya wa kiwandani, aunganishe kwa kuchomelea risasi na kufunika vizuri, na aweke fyuzi karibu na chanzo cha umeme. Swichi ya rangi nyekundu chini ya dashibodi si ya siri. Swichi iliyokuwapo tayari na isiyo na kazi, kama ile ya taa za ukungu ambazo pikapu yako haina, hufaa kuliko mpya yoyote. Mwambie fundi mmoja tu, tena wewe ukiwapo, na baada ya hapo hata fundi wa kubadilisha oili asielezwe. Mpelekee gari likiwa linawaka.

Vyuma vinavyoonekana

Kufuli la usukani lina kazi moja kubwa, nayo ni kuonekana. Mzingo wa usukani ni bomba jembamba la chuma laini lililofunikwa kwa mpira, na msumeno wa mkono huukata haraka bila kuligusa kufuli lenyewe. Ndiyo maana ninapendekeza fedha ziende kwanza kwenye kufuli la pedali au la gia. Kufuli la pedali ya klachi humlazimisha mwizi ainame kwenye nafasi finyu, kichwa chini na miguu nje ya mlango, katika hali ambayo hakuna mpita njia atakayeielewa vibaya. La gia linalofungwa katika rivasi huzuia pia gari kuvutwa.

Uvutaji haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa pikapu ina ndoano mbele na nyuma, iko juu, na watu wamezoea kuiona ikivutwa. Unapoegesha, elekeza pua ukutani, kata usukani hadi mwisho, vuta breki ya mkono na acha gia ya kwanza au rivasi. Kama ina gia ya magurudumu manne, ingiza ile ya mwendo wa chini. Na kama haba za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, hufungwa kwa mkono, zifunge. Hapo magurudumu yote manne yanazuiliwa na mgandamizo wa injini kupitia gia nzito kuliko zote ilizo nazo, na anayetaka kulisogeza gari italazimu alinyanyue zima. Hakikisha tu kwamba kijiti cha gia hiyo hakikubaki kwenye nyutro, kwa sababu kikibaki hapo gia kuu haishiki kitu chochote.

Injini inayonguruma bila dereva

Hakuna kifaa kinachoweza kumsaidia mtu aliyeacha ufunguo ndani. Wenye pikapu za dizeli wana tabia zao zinazowaponza: kuiacha injini ipate joto asubuhi huku wakinywa chai, kuiacha ikinguruma wakati wa kupakia mzigo, na kuiacha ipoe kwa dakika moja au mbili baada ya safari ndefu ili kuilinda tabo, yaani feni inayosukumwa na moshi ili kuijaza injini hewa. Sababu hizi si za kipuuzi, na ile ya tabo ni sahihi kabisa baada ya kupanda mlima na mzigo, lakini dakika hizo mbili zitumie ukiwa kwenye kiti. Taima ya tabo, inayoiacha injini ikizunguka baada ya ufunguo kutolewa, ifungwe pamoja na mfumo unaozima injini mara breki ya mkono inapoachiwa au pedali inapokanyagwa; isiyo na hilo usiifunge.

Vinavyoibwa kipandekipande

Mara nyingi pikapu haiondoki yote. Geti la nyuma la bodi katika modeli nyingi hung'oka kwa mikono: unaliteremsha kidogo, unainua upande mmoja, linatoka kwenye bawaba. Klipu ya chuma ya kubania mpira wa rejeta, ikizungushiwa bawaba na kukazwa, hulizuia lisiinuke, na ni kinga rahisi kuliko zote katika mwongozo huu. Tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi hushushwa kwa fimbo kupitia tundu lililo nyuma; weka kufuli kwenye tundu hilo. Betri, ambazo katika dizeli kubwa huwa mbili, zinalindwa na lile kufuli la boneti tulilokwisha kulitaja.

Dizeli tenkini ni fedha taslimu. Mfuniko wenye ufunguo ni lazima, na pia itazame nati ya kumwagia iliyo chini ya tenki, ambayo wengi huisahau. Kuna ushauri wa kulaza gari na mafuta kidogo ili mwizi asipate kitu, lakini tenki lililo tupu hutengeneza unyevu kwenye kuta zake usiku wa baridi, na maji katika dizeli ni adui wa nozeli. Ninapendelea tenki lililojaa na mfuniko mzuri.

Ekzozi ya pikapu za kisasa ina kichujio chenye madini ya platinamu na paladiamu, na kwa kuwa gari liko juu, mwizi huingia chini bila jeki. Bamba la chuma lenye bolti zisizofunguka kirahisi husaidia, mradi liwe na matundu mengi na lisiguse chombo chenyewe: kichujio cha masizi kinapojisafisha hufika joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, na bamba linalozuia hewa au kushika nyasi kavu linaweza kuliteketeza gari ulilokuwa unalilinda.

Kifaa cha kufuatilia

Kifaa kimoja hakitoshi kama kiko mahali ambapo kila fundi hukiweka, yaani nyuma ya dashibodi. Weka kimoja chenye kutumia umeme wa gari, na kingine chenye betri yake kinachoamka mara moja au mbili kwa siku, kikatuma mahali kilipo na kulala tena. Cha pili ndicho kitakachokuokoa, kwa sababu wezi hupenda kuliegesha gari kimya kwa siku kadhaa wakisubiri kuona kama kuna atakayelifuata, na vifaa vya kuvuruga mawimbi wanavyovitumia njiani huwa vimeshazimwa. Usikifukie chini ya chuma. Antena inahitaji plastiki, kioo au kitambaa juu yake. Vile vitambulisho vidogo vya kutafutia funguo kwa simu vinafaa kama nyongeza tu, kwa kuwa simu za kisasa humwonya mtu anayesafiri na kitambulisho kisicho chake.

Laini ya simu iliyo ndani ya kifaa huhitaji salio, na hapa ndipo mifumo mingi hufia bila mwenyewe kujua. Kila mwezi, siku ile ile unayopima oili, iulize iko wapi na uone kama itajibu.

Kumbukumbu, na gari linalopatikana

Piga picha ya namba ya chasisi ilivyogongwa kwenye fremu, namba ya injini, na alama zozote za pekee kama mikwaruzo au sehemu zilizochomelewa. Namba ya chasisi ya kisasa ya mfumo wa kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukijikuta umeandika O katika taarifa ya polisi, hapo ni sifuri. Ichonge pia kwenye vioo vyote, kwa kuwa kubadilisha vioo sita humgharimu mwizi. Kadi ya gari isikae ndani ya gari. Iarifu kampuni ya bima kuhusu kila swichi na kifaa ulichoongeza, kwa maandishi, kabla ya tukio.

Ukikuta mahali ulipoegesha pako wazi, kwanza hakikisha kwamba halikuvutwa na mamlaka, kisha toa taarifa polisi ukiwa na namba hizo mkononi, na uwakabidhi wao mahali kifaa kinapoonyesha. Usiende peke yako. Gari likirudi, usiliwashe kabla ya kuangalia usawa wa oili, maji na dizeli, na kuutoa mfano wa mafuta ya chujio kwenye chupa ya kioo ili uone kama kuna maji au petroli. Mtake fundi afute funguo zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuandika upya ulizo nazo, maana yule aliyelichukua huenda bado ana wake mfukoni. Badilisha vitasa, ihamishe swichi ya siri, na upekue chini ya viti na ndani ya bampa, usije ukakuta kifaa cha kufuatilia ambacho hukukiweka wewe.